Wabia wawili, kipaza sauti kimoja: Yanayopaswa kujulikana kabla podikasti ya mahojiano haijaanza Kigali

KIGALI. Mfanyabiashara anayesubiri basi Nyabugogo kwenda Gatuna, Rusumo au Rubavu ana macho yenye kazi nyingi. Yako kwenye mzigo: magunia yamepakiwa yote? Tiketi iko wapi? Kijana aliyebeba katoni ya mwisho ameelekea wapi? Lakini masikio yake yako huru tangu kituoni hadi mpakani.

Masikio hayo ndiyo yanayotafutwa na podikasti. Filamu humtaka mtu akae atazame. Mazungumzo yaliyorekodiwa humfuata mtu ndani ya basi, kwenye kibanda cha Kimironko wakati wa kupanga bidhaa, na kwenye foleni ya forodha. Ndiyo maana mtengenezaji wa filamu za makala anayeonyesha kazi zake mtandaoni anapomwita mwenzake wa fani hiyohiyo na kumwambia, "Tuanzishe kipindi cha mahojiano," wazo hilo si geni wala si la kipuuzi. Wote wawili wanajua kuhoji, kurekodi na kuhariri. Wanachokosa ni meza, vipaza sauti viwili na siku maalumu ya wiki.

Katika Kigali, hata hivyo, vifaa ndiyo sehemu nyepesi ya safari. Sehemu nzito ni tatu: ruhusa ya kuhoji, makubaliano kati ya wabia, na usalama wa mtu anayealikwa kuzungumza. Zote zinamhusu mfanyabiashara wa mpakani, kwa kuwa kipindi cha namna hii kitamtaka awe msikilizaji, kisha mgeni, na pengine mdhamini.

Saa moja ya mazungumzo, dakika tatu za filamu

Kigali ina mizizi katika kazi ya kuwasikiliza watu mbele ya kamera. Eric Kabera, aliyezaliwa Kongo, alikuwa mtayarishaji wa "100 Days", filamu ya mwaka 2001 iliyoongozwa na Nick Hughes, ambayo ni miongoni mwa filamu za kwanza za kuigiza kuhusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Mwaka 2004 alitoa "Keepers of Memory", filamu ya makala iliyojengwa juu ya maneno ya manusura na watunzaji wa maeneo ya kumbukumbu. Alianzisha Rwanda Cinema Centre, na baadaye Kwetu Film Institute ya kufundisha vijana.

Tamasha la filamu la Rwanda lililoanza mwaka 2005 lilipewa jina la utani la Hillywood kwa kuwa lilipeleka filamu vilimani, kwenye skrini kubwa inayojazwa upepo, kwa watu wasio na jumba la sinema karibu. Kizazi kilichofuata hakihitaji gari la kubebea skrini. Filamu huwekwa YouTube, na mtu wa Musanze au Mwanza huiona siku hiyohiyo.

Lakini filamu ya makala hula muda na fedha. Mtu anaweza kuhojiwa saa nzima, na filamu ikachukua dakika tatu tu za maneno yake. Sehemu aliyoeleza jinsi mzigo wake ulivyokaa mpakani siku mbili, alivyokopa nauli ya kurudi na alivyopata mteja mwingine hubaki kwenye diski ngumu ya mtengenezaji. Podikasti huipa saa hiyo nafasi yake.

Kanda hii tayari ina mifano ya kujifunzia. Hapo Kigali, mwanahabari Sanny Ntayombya anaendesha "The Long Form", kipindi cha mahojiano marefu kwa Kiingereza. Tanzania, Salama Jabir, aliyejulikana kwa kipindi cha televisheni cha "Mkasi" na kama jaji wa Bongo Star Search, aliingia mtandaoni na mahojiano ya Kiswahili ya "SalamaNa". Nairobi, Adelle Onyango alitoka redioni na mwaka 2019 akaanzisha "Legally Clueless", ambamo watu wa kawaida wa Afrika husimulia maisha yao kwa sauti zao.

Kinachokosekana kwa urahisi katika orodha kama hii ni kipindi kinachomhoji mwenye duka la vitenge, muuza nyanya na dereva wa lori kwa uzito uleule anaopewa msanii au waziri.

Habari ya mpaka haingoji

Kwa nini lipewe uzito? Jibu liko Gatuna. Mwishoni mwa Februari 2019 shughuli katika mpaka huo wa Rwanda na Uganda zilisimama. Malori yalielekezwa Kagitumba, na Serikali ya Rwanda ikawashauri raia wake wasisafiri kwenda Uganda. Mpaka ulifunguliwa tena Januari 31, 2022, karibu miaka mitatu baadaye. Januari 2024, Burundi nayo ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda.

Katika siku kama hizo, mfanyabiashara huamka na maswali ya fedha taslimu. Je, mzigo uliolipiwa utapita wapi? Je, njia ndefu inaongeza gharama kiasi gani kwa kila gunia? Je, habari iliyotumwa usiku kwenye kundi la WhatsApp ni tangazo la serikali au ni uvumi? Filamu nzuri kuhusu Gatuna inaweza kutoka baada ya mwaka na kushinda tuzo. Kipindi cha kila wiki kinaweza kumketisha mtu wa forodha, wakala wa mizigo na mama mwenye mzigo meza moja, kabla hasara haijakomaa.

Hata mipaka ikiwa wazi kuna mengi ya kueleza. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwenye mzigo usiozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani, wenye bidhaa zilizotengenezwa au kulimwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, anaweza kupata cheti cha uasili kilichorahisishwa palepale mpakani na kuvuka bila kulipa ushuru wa forodha. Maelezo hayo yako kwenye vipeperushi. Kipeperushi lakini hakiulizwi swali. Mgeni wa kipindi huulizwa: "Mzigo wa watu watatu kwenye gari moja unahesabiwaje? Na tozo nyingine zisizo ushuru wa forodha ni zipi?" Jibu likitolewa kwa sauti ya ofisa mwenyewe, na tarehe ikatajwa, msikilizaji ana kitu cha kushika.

Wabia wa Kigali wana msaada mmoja usiotumika sana. Sheria ya Rwanda ya 2013 kuhusu kupata taarifa inampa mtu haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi za umma. Barua iliyoandikwa mapema ina thamani kubwa kuliko swali la kushtukiza ambalo ofisa atalijibu kwa kusema atarudi baadaye.

Nani ameruhusiwa kuhoji?

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Aprili 2020, wakati Rwanda ikiwa kwenye karantini ya UVIKO-19, Tume ya Vyombo vya Habari ya Rwanda (RMC) ilitoa tamko kwamba wenye chaneli binafsi za YouTube si vyombo vya habari vinavyotambuliwa, wenyewe si wanahabari, na hawana ruhusa ya kuwahoji wananchi. Kwa mtu anayefikiria kipindi ambacho kazi yake yote ni kuhoji, tamko hilo ni la kusomwa mara mbili.

Halikubaki kuwa karatasi. Mwezi huohuo Dieudonné Niyonsenga, mwenye chaneli ya Ishema TV ya YouTube, alikamatwa. Machi 2021 mahakama ilimwachia huru, lakini Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ilimhukumu kifungo cha miaka saba kwa makosa yaliyojumuisha kughushi na kujifanya mwanahabari. Kamati ya Kuwalinda Wanahabari (CPJ) ilipinga hatua hizo na kutaka aachiliwe.

Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 nayo, katika kifungu cha 39, inaweka adhabu ya kifungo cha miaka mitatu hadi mitano kwa anayechapisha kwa makusudi, kupitia kompyuta, uvumi unaoweza kuleta hofu au vurugu au kumvunjia mtu heshima. Mgeni akisema kwa hasira kwamba mpaka fulani unafungwa kesho, na wabia wakairusha kauli hiyo bila kuithibitisha, tatizo halitakuwa la mgeni peke yake.

Ukali huo una historia inayojulikana na kila nyumba nchini. Redio RTLM, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993, ilitumia kipaza sauti kuchochea mauaji. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya ICTR iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la "Kangura". Watetezi wa uhuru wa habari wanasema kumbukumbu hiyo isigeuzwe kisingizio cha kunyamazisha maswali halali. Hakuna upande, hata hivyo, unaobisha kwamba neno lililorushwa hewani lina mwenyewe na lina matokeo.

Kwa wabia wanaoanza, maana yake ni rahisi kutamka: wapitie RMC kabla ya kurekodi kipindi cha kwanza, waulize kama kazi yao inahitaji kitambulisho cha mwanahabari na usajili, na wahifadhi majibu kwa maandishi. Kama mmoja anaishi ng'ambo ya mpaka, waangalie pia sheria za huko. Tanzania iliweka kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, na ada zake za kuanzia zilifikia takriban Sh2.1 milioni, kanuni mpya zikaja 2020 na marekebisho 2022. Kinachoruhusiwa bure upande mmoja huenda kikahitaji leseni upande wa pili. Wafanyabiashara wa magunia wanalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mkataba kabla ya muziki wa kufungulia

Watu wawili wanaofanya filamu, kila mmoja na chaneli yake, wamezoea kuwa mabosi. Kwenye podikasti ya pamoja kuna kiti kimoja cha dereva. Nani ataamua mgeni? Nani atakata maneno? Jina la kipindi ni la nani? Nenosiri la chaneli liko kwenye simu ya nani?

Mfano mzuri wa kanda hii ni Africa Uncensored ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2015 na wanahabari watatu wa upekuzi: John-Allan Namu, Mohammed Ali na Kassim Mohamed. Miaka miwili baadaye Ali alichaguliwa kuwa Mbunge wa Nyali. Kampuni haikufa. Iliendelea kutoa filamu za makala, ikiwamo "The Profiteers" ya 2018 kuhusu fedha za Sudan Kusini, iliyopatikana pia mtandaoni. Mbia aliondoka, jina na kazi vikabaki. Si kila ubia unaweza kustahimili hilo, hasa ule uliofungwa kwa kupeana mkono tu.

Mwenye duka Kimironko anayeshirikiana na wakala wa Kampala hujua umuhimu wa kuandika: mtaji wa kila mmoja, mgawanyo wa faida, nani hubeba hasara, na nini hutokea mmoja akijitoa. Wabia wa podikasti waandike hayohayo, na waongeze mambo mawili: nani anamiliki rekodi ambazo hazijahaririwa, na nani ana neno la mwisho mgeni akiomba sehemu fulani iondolewe.

Fedha nazo zihesabiwe bila ndoto. Ili kuingia kwenye mgao wa matangazo wa YouTube, chaneli inahitaji watu 1,000 waliojiunga na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na mpango huo uwe unapatikana katika nchi ya mwenye akaunti. Kama kila mtu atatazama kwa wastani wa dakika 20, saa 4,000 ni sawa na kutazamwa mara 12,000. Hilo ni lango la kuingilia tu, mapato bado. Kwa miezi ya mwanzo tegemeo litakuwa mdhamini: kampuni ya mabasi, wakala wa mizigo, chama cha ushirika. Mdhamini atajwe wazi mwanzoni mwa kipindi. Msikilizaji anayeambiwa kwamba njia fulani ya kusafirisha mzigo ni bora ana haki ya kujua kama mwenye njia hiyo ndiye aliyelipia kipindi.

Kiswahili kipi?

Februari 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Lakini Nyamirambo haikusubiri Bunge. Katika mitaa ya Biryogo, Kiswahili kimekuwa lugha ya biashara, ya chai na ya mpira kwa vizazi kadhaa. Podikasti inayotaka kusikika kuanzia Goma hadi Mwanza ina wageni na wasikilizaji hapohapo mjini.

Shida ni kwamba Kiswahili cha mpakani si kimoja, na tofauti nyingine hugusa mfuko. Kwa Mtanzania, kuuza ni kutoa bidhaa na kupokea fedha. Katika Kiswahili cha wengi mashariki mwa Kongo, "kuuza" ni kununua, na anayetoa bidhaa "anauzisha". Mtangazaji akimuuliza mgeni wa Goma, "Wiki iliyopita uliuza magunia mangapi?" anaweza kupata jibu sahihi la swali ambalo hakuliuliza. Dawa yake si kumsahihisha mgeni mbele ya watu. Mtangazaji arudie kwa upole: "Mama, yaani uliyachukua wewe kwa fedha yako, au mteja aliyachukua kwako?" Msikilizaji wa kila upande ataelewa, na mgeni atabaki na heshima yake.

Kuhusu vifaa, wabia wanaotoka kwenye filamu wapunguze badala ya kuongeza. Sauti ya saa moja iliyohifadhiwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde haizidi MB 29. Kwa usemi wa watu wawili kiwango hicho kinatosha, na mwenye bando dogo anaweza kuipakua. Video ya saa hiyohiyo hula mara nyingi zaidi. Video iwekwe kwa wenye nafasi, na faili la sauti litoke siku ileile kwa walio barabarani.

Mgeni ana mzigo wake

Mfanyabiashara anayealikwa mbele ya kipaza sauti anapaswa kuuliza maswali kabla hajajibu lolote. Kipindi kitawekwa wapi, na kitakaa muda gani? Picha yangu itaonekana? Nikitaja bei ninayonunulia, washindani wangu hawatanisikia? Nikibadili mawazo kesho, naruhusiwa kuomba sehemu iondolewe?

Maswali hayo si ya woga. Mtu anayesimulia kwa kicheko kwamba zamani alipita njia za panya anajitolea ushahidi utakaobaki mtandaoni wakati yeye ameshasajiliwa na analipa kodi. Anayemtaja ofisa aliyemwomba kitu kidogo anaweza kurudi kwenye dirisha lilelile Jumatatu. Sheria ya Rwanda ya Oktoba 2021 ya kulinda taarifa binafsi inaweka ridhaa ya mhusika miongoni mwa misingi ya kutumia taarifa zake. Karatasi fupi ya ridhaa, iliyosomwa kwa lugha anayoielewa mgeni na kusainiwa kabla ya kurekodi, inawalinda wote watatu mezani.

Watengenezaji wa filamu wana mazoea ya kuficha sura ya shahidi. Kwenye podikasti, sauti ndiyo sura. Mtu wa sokoni hutambulika kwa kicheko chake tu. Kama jambo ni la hatari, bora mtangazaji alieleze mwenyewe kwa maneno yake, baada ya kulithibitisha kwa watu zaidi ya mmoja.

Kwa wanaotaka kuanza, njia ya busara ni kurekodi vipindi vitatu kabla ya kutangaza cha kwanza, ili ugonjwa wa mmoja au safari ya mwingine isiue kipindi wiki ya pili. Siku ya kutoka isibadilike. Na kila kipindi kifunguliwe kwa masahihisho ya kilichotangulia, kama yapo: tozo iliyotajwa vibaya, saa ya kufunga mpaka iliyobadilika, jina la fomu lililokosewa.

Msikilizaji wa Nyabugogo hatapima kipindi kwa ubora wa muziki wake. Atashuka Rusumo au Gatuna, atafika dirishani na karatasi mkononi, na kulinganisha alichosikia njiani na anachoambiwa na ofisa. Vikilingana, atasikiliza tena wakati wa kurudi na kumtumia mwenzake. Visipolingana, atazima simu, na atawaambia wenzake sokoni kwa nini.